Namasagali: mji uliozaliwa na reli, na nani aliyeumaliza kweli

Tangu kontrakti ya SGR, ile reli mpya ya geji pana, ya Malaba hadi Kampala isainiwe Oktoba 2024, zile kilomita 272, kila nikikaa na watu huku Busoga nasikia maneno yale yale, reli inakuja, nunua ploti mapema, jenga lodge, weka duka karibu na stesheni, mji utakua. Kule Teso na Lango nako ni hivo hivo, juu ya ile reli ya zamani ya Tororo hadi Gulu inayotengenezwa upya. Mi naipenda reli na natamani zote mbili zikamilike, sitaki mtu aelewe vingine. Ila Busoga tuna kisa chetu wenyewe, kimeshatokea kikaisha, mwanzo wake unajulikana na mwisho wake unajulikana, na bado tunaongea kama ndio mara ya kwanza reli inakuja kwetu. Kisa hicho ni Namasagali.

Kwa wasiopajua, Namasagali iko wilaya ya Kamuli, eneo la Bugabula, kwenye ukingo wa Nile. Ukienda leo unakuta mihogo, mahindi, viazi vitamu, wavuvi, boda mbili tatu chini ya mti na majengo ya zamani ambayo ukiyaangalia tu unajua hayakujengwa na mkulima. Hayo ni majengo ya reli. Kwa miaka kama hamsini hapo palikuwa bandari, na mzigo wa sehemu kubwa ya kaskazini ya Uganda ulikuwa unapita hapo hapo.

Kwanza tuelewe kwa nini walipachagua. Nile ikitoka Jinja ina maporomoko mengi, meli haiwezi kushuka, lakini ukifika Namasagali mto umetulia na kutoka hapo unaweza kusafiri kwa maji mpaka Ziwa Kyoga na ukavuka mpaka Masindi Port. Sasa Waingereza walikuwa wanataka pamba, pamba imeanza kulimwa kwa nguvu baada ya 1903, na pamba ya Busoga, Teso na Lango ilikuwa mbali na Ziwa Victoria, kuibeba kichwani ni kazi ya kuua watu. Wakajenga kipande cha reli, karibu maili 60, kutoka Jinja kupitia Mbulamuti hadi Namasagali, kikafunguliwa 1912. Kilikuwa kipande peke yake, hakikuungana na reli yoyote nyingine. Reli ya Mombasa ilikuwa imeishia Kisumu tangu 1901, kati ya Kisumu na Jinja ni meli ya ziwani.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo maana kisa chote kiko hapa. Chukua robota moja la pamba kutoka Lango miaka ile kabla ya 1928, linaenda Mombasa. Linapakiwa kwenye meli ya Kyoga. Linafika Namasagali, linashushwa, linapandishwa treni. Linafika Jinja, linashushwa tena, linapandishwa meli ya Victoria. Linafika Kisumu, linashushwa, linapandishwa treni nyingine. Mombasa ndio linashuka kuingia meli ya bahari. Kila mahali robota linaposhuka na kupanda pana watu wa kubeba, pana karani wa kuhesabu, pana ghala, pana mlinzi wa ghala, na hao wote wanakula, wanalala, wananunua sabuni na chumvi na vitambaa. Namasagali ilikuwa mji kwa sababu hiyo. Riziki ya pale ilitoka kwenye mzigo kushindwa kuendelea bila kushushwa. Mkulima wa Bugabula alikuwa jirani tu, anauza ndizi na mihogo kwa watu wa reli, kama treni za hapo zingebeba mawe badala ya pamba yeye angeuza ndizi zile zile.

Na watu wenyewe wa bandari wengi hawakuwa wa pale. Reli ilileta watu kutoka Kenya, kutoka Nyanza, Wahindi wa duka na wa karakana, watu wa Kaskazini, na ndio maana lugha ya kazini ilikuwa Kiswahili, mpaka leo ukikutana na mzee aliyekulia kota za reli, iwe Jinja au Tororo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha sisi vijana. Mi hiyo naithamini sana. Lakini mtu wa kota za reli nyumba si yake, kiwanja si chake, barua ya uhamisho ikija anafunga godoro anaenda. Mji wa watu wa barua ya uhamisho unaweza kuondoka wote kwa mwezi mmoja.

Sasa angalia jinsi ulivyoondoka. Watu wengi watakwambia Namasagali iliuawa na maji, yale mafuriko ya 1961 na 1962, na si uongo, yalikuja kweli. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa za ajabu, Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, Kyoga nayo ikapanda, magati yakaingia majini, visiwa vya mafunjo vikang'oka na kuelea vikaziba njia za meli. Walioona yale matope na majani yaliyoelea mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Jinja Aprili 2020 nchi nzima ikaingia giza, wanajua kitu kama hicho kinavyoweza kufanya. Kwa hiyo mtu akisema maji, namwelewa. Lakini bandari nyingi duniani zimefurika na zikajengwa tena. Swali ni kwa nini hii hakuna aliyeona faida ya kuijenga tena, na ukifuata miaka unaona mzigo ulikuwa umeanza kuondoka zaidi ya miaka thelathini kabla ya mvua.

1928 reli kutoka Kenya, ile iliyopitia Eldoret, ikaingia Tororo ikaja hadi Mbulamuti ikaungana na kile kipande cha Busoga. Siku hiyo Jinja ilipoteza kazi ya kupakia meli, robota la Namasagali sasa linaingia behewa moja na linafika Mombasa bila kuguswa. Kwa Namasagali hiyo ilikuwa neema, na nadhani watu wa pale walisherehekea, nani asingesherehekea. Lakini mantiki ni ile ile, mahali pa kushushia pamefutwa, ila safari hii palifutwa pa mwingine.

1929 tawi la Tororo hadi Soroti likafunguliwa. Pamba ya Teso ambayo ilikuwa inavuka Kyoga kwa meli mpaka Namasagali sasa inapanda treni Soroti, Kumi, Bukedea, moja kwa moja. Hilo ni pigo kubwa na sioni likitajwa sana. 1931 daraja la Nile pale Jinja likakamilika, treni ikafika Kampala, na kuanzia hapo akili yote ya shirika iko kwenye njia ya Kampala. Namasagali ikabaki na mzigo wa Lango na ule wa mbali, wa West Nile na Kongo, ambao ulikuja kwa Ziwa Albert mpaka Butiaba, ukapanda lori mpaka Masindi Port, ukapanda meli ya Kyoga. Njia ndefu na nzuri kwa watalii, shirika la reli hata lilijenga hoteli Masindi 1923 kwa ajili ya hao, lakini kwa robota la pamba ni gharama juu ya gharama.

Halafu miaka ya mwanzo ya sitini mambo yote yakaja pamoja. 1961 wakafungua njia fupi kutoka Bukonte hadi Jinja, treni za Mombasa na Kampala hazihitaji tena kuzunguka kupitia Mbulamuti. Reli ya Soroti ikasogea mbele, Lira 1962, Gulu 1963, Pakwach 1964. Yaani ule mzigo wa mwisho, wa Lango na West Nile, nao ukapewa treni yake nyumbani kwake. Katikati ya hayo ndio maji yakapanda, na huduma za meli za Kyoga na Albert zikafungwa 1962. Ukiwa wewe ndio mkubwa wa reli umekaa Nairobi unaangalia hesabu, reli ya Pakwach inajengwa tayari, Namasagali imefurika, utaomba hela ya gati jipya kwa ajili ya nani? Mi siwezi kuwalaumu kwa uamuzi ule kama uamuzi wa biashara. Ninachosema ni kwamba maji yaliwapa sababu ya kufunga haraka kitu ambacho kingefungwa tu.

Kwa hiyo Namasagali iliondolewa na reli ikiendelea vizuri. Hii ndio sehemu inayonisumbua, maana sisi tumezoea kufikiri mji wa reli unakufa reli ikiharibika. Hapa reli ilikuwa inakua, inapata njia fupi, inafika mbali zaidi, inafanya kazi yake kama inavyotakiwa, na kila hatua ya mbele ilichukua kitu pale.

Baada ya hapo majengo yakabaki matupu, na 1965 ikafunguliwa sekondari ndani yake, iliyoanza na jina la Kamuli College, baadaye Namasagali College. Ikawa shule yenye jina kubwa nchi nzima chini ya Father Damian Grimes wa shirika la wamisionari la Mill Hill, watu wanaikumbuka kwa ndondi, dansi, michezo ya kuigiza, Rebecca Kadaga aliyekuwa Spika wa Bunge alisoma pale, watoto wa wakubwa wa Kampala walikuwa wanapelekwa kijijini Bugabula kusoma. Grimes aliondoka 2000 na shule ikashuka, leo Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi yake pale pale. Nataja shule si kwa kumbukumbu tu. Kwa mkulima wa jirani, naamini shule ya bweni ilikuwa mteja mzuri kuliko bandari, juu mamia ya wanafunzi wanakula posho (ugali) na maharage kila siku ya muhula, na posho ni mahindi, na mahindi ni ya shamba la jirani. Pamba ilipita pale ikienda Mombasa. Mahindi yaliishia pale. Ni tofauti kubwa kwa mtu mwenye eka mbili.

Sasa linganisha na Mbulamuti, kilomita kama ishirini tu kwenye njia ile ile. Mbulamuti nayo ilipigwa, ilikuwa makutano tangu 1928 na 1961 treni kubwa zikahamia njia fupi, na leo njia ile ya kuzunguka imelala kabisa. Lakini Mbulamuti bado ni mji mdogo wa wakulima, ina soko lake, ina wanunuzi wa mahindi na kahawa, lori zinaingia na kutoka. Kwa nini moja ilibaki mji na nyingine ikabaki kampasi? Jibu langu ni kwamba watu wa Mbulamuti wengi walikuwa na mashamba nyuma ya stesheni, mzigo ulikuwa unaanzia pale, si kupita tu. Treni ilipokata, walitafuta njia nyingine ya kupeleka kilekile walichonacho. Namasagali haikuwa na kitu cha kupeleka njia nyingine, kilichokuwa kinapita hakikuwa chao.

Lakini Mbulamuti nayo tusiipambe. Mkulima wa pale treni aliipoteza mara mbili. Mara ya pili ilikuwa pamba yenyewe. Uganda ilifika zaidi ya marobota 400,000 kufikia 1970, halafu zikaja zile enzi za Amin, Wahindi wenye majineri (viwanda vya kuchambua pamba) wakafukuzwa 1972, vyama vya ushirika vikalipa wakulima kwa karatasi au kutolipa kabisa, na kufikia 1987 nchi nzima ilikuwa chini ya 20,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, shirika la reli likagawanywa, Uganda ikabaki na mabehewa machache na mafundi wachache. Pamba ndiyo iliyokuwa inajaza behewa kwenye stesheni ndogo. Ikiondoka, stesheni masta anakaa na kalamu hana cha kuandika.

Na hapa kuna hesabu ambayo naomba kila mwenye ploti karibu na reli aifanye. Behewa moja la reli yetu ya mita, yaani ya zamani yenye upana wa mita moja, linabeba kama tani 40. Hizo ni gunia 400 za kilo 100. Mkulima wa Busoga au Teso akivuna vizuri sana ana gunia 10, labda 15, na nyingine za kula. Kwa hiyo inabidi wakulima thelathini, arobaini au zaidi, wavune pamoja, wakaushe mpaka unyevu ufike asilimia 13 hivi, wapeleke ghala moja, wakubaliane bei moja, na wasubiri behewa. Wakati huo huo lori ya Kampala imesimama kwenye mlango wa shamba, dereva ana mzani wake (mzani huo nao ni kesi nyingine) na ana pesa taslimu mkononi, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nani atasubiri behewa? Zamani jineri ndiyo ilikuwa inafanya hiyo kazi ya kukusanya, mkulima anapeleka fungu lake dogo, jineri inatoa marobota ya kujaza treni. Mahindi hayana jineri. Miwa imepata viwanda, lakini viwanda vya sukari vinabeba miwa kwa lori na trekta, na muwa unakaa shambani kama miezi 18 na ukikatwa hausubiri, treni haina nafasi hapo.

Ndio maana hata wakati wa ile kampuni ya Rift Valley, iliyopewa reli 2006 na ikaondolewa miaka kumi na moja baadaye, stesheni ndogo hazikufufuka. Kampuni yoyote itapendelea kontena 40 kutoka Mombasa mpaka Kampala kuliko kusimama Bukedea kuchukua behewa moja la mahindi ambalo halijajaa. SGR itakuwa hivo zaidi, treni yake ni ndefu zaidi na inaenda kasi, kusimama kwake ni gharama. Itapita Busoga, hilo ni hakika. Kupita ndiko kutakuwa kwingi.

Kwa hiyo kwa watu wa Otuboi, Aloi, Bukedea, Kumi, na kwetu huku kwenye njia ya SGR, naona maswali ya kuuliza sasa ni tofauti na yale ya bei ya ploti. Swali la kwanza, hapa treni itasimama kupakia au itapita, na kama itasimama, njia ya pembeni ya kuacha mabehewa iko kwenye mchoro au haipo? Bila hiyo njia ya pembeni stesheni ni ya kuangalia treni. Swali la pili, ghala litakuwa la nani. Kama ni la mfanyabiashara mmoja kutoka mjini, tumerudi kwenye lori na mzani wake, ila sasa na reli. PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, inapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na karibu zote zinagawanywa milioni moja moja kwa kaya, huyu kuku, huyu nguruwe, sawa, watu wanahitaji. Lakini parishi tano zilizo kando ya stesheni moja zikikubaliana kupitia sacco zao kuweka ghala lenye sakafu ya simiti, mashine ya kukaushia na mzani mmoja unaoaminika, hapo behewa la tani 40 linawezekana. Sijaona mahali pengine mkulima wa eka mbili atapata nguvu ya kuiambia treni isimame.

Tatu ni ardhi ya reli yenyewe. Njia zilizolala kama ile ya Mbulamuti watu wamelima juu yake, wengine wamejenga, watoto wamezaliwa hapo hawajawahi kuona treni. Reli ikiamka wataambiwa ni wavamizi, kama waliokuwa kando ya reli Namuwongo, Kampala, walivyobomolewa 2014. Kama uko hapo, tafuta sasa kujua mpaka wa reli unaishia wapi kwenye kiwanja chako, usisubiri tingatinga likuonyeshe.

Na la nne linatoka moja kwa moja kwenye 1961. Katiba yetu kifungu cha 26 inasema mtu akichukuliwa ardhi alipwe mapema na kwa haki, na kwenye SGR wanathamini ardhi, nyumba, mimea, miti. Hakuna anayethamini biashara ya mji utakaorukwa. Mbulamuti ilipokatwa na njia ya Bukonte sijasikia mwenye duka aliyelipwa kitu, maana hakuna aliyeguswa kiwanja chake. Miji iliyoko kwenye reli ya zamani ya Tororo, Iganga, Jinja inaweza kujikuta hapo hapo, reli mpya kilomita kadhaa pembeni na ya mita ikiachwa ijifie. Serikali bado haijafunga huo mlango, kwa hiyo madiwani wa huku waende wilayani na barua inayouliza jambo moja tu kwa maandishi: reli ya mita kwenye stesheni yetu itaendelea kupewa mabehewa baada ya SGR kuanza, ndiyo au hapana, na ni nani amesaini.